Hester Pinnock na Njia ya Kwenda Kanisani

Ndugu waombolezaji, marehemu Hester Maud Pinnock alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Nether Cawdle, binti wa Amos Tebbutt, mchunga kondoo, katika nyumba ya mwisho kando ya kijito, huku bondeni ambako wazee wetu walihamia zamani baada ya mwenye ardhi kuwafukuza mlimani ili afuge kondoo, akaliacha kanisa peke yake kule juu, na tangu hapo tumepanda kusali na kuzika kwa njia ile moja inayokatiza malisho.

Alisoma shule ya kijiji, ambayo siku hizi ni nyumba ya mapumziko ya watu wa London, kisha mwaka 1953 akaenda Kettering kushona viatu kiwandani, na tarehe 14 Juni 1958 akafunga ndoa na Wilfred Pinnock, fundi wa kuezeka, wakajaliwa Dorcas na Aubrey, lakini Aubrey alifariki kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1970, akiwa na miaka minane, akazikwa mlimani, na mama yake hakukosa kumtembelea Jumapili hata moja.

Mwaka 2011 Bwana Lascombe alinunua malisho, akaweka geti na mnyororo, akamwambia, "Bibi, zunguka barabarani, kwa gari si mbali," naye akamjibu, "Gari sina, kijana, nina mtoto kule juu. Wewe umenunua majani, hukununua miguu yangu."

Hester akaitisha mkutano humu ukumbini kuidai njia, na ninyi mliomwambia mlangoni kwake, "Tuko nawe, Hester," mkainamia viatu vyenu, ambavyo vingine alivishona yeye, kwa sababu Lascombe alikuwa ameahidi paa jipya, paa hili lililo juu ya vichwa vyetu sasa hivi.

Aliendelea kuliparamia geti, mjane wa miaka themanini, hadi tarehe 6 Januari 2019 alipoanguka, akavunjika nyonga, akalala kwenye barafu mpaka alipookotwa na mtu aliyekuwa akitembeza mbwa, akapata nimonia, na tarehe 27 Januari akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Dorcas.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na wenzake wa kiwandani waliopokezana kitandani pake, na inawashukuru majirani kwa keki, zilikuwa nzuri, ila marehemu hakuwaomba keki.

Mnyororo Dorcas ameukata asubuhi hii, na Bwana Lascombe, uliyeketi pale nyuma, unaweza kuita polisi, watatukuta malishoni tukiwa na jeneza mabegani, na yeyote anayeogopa kuonekana nasi, barabara ile pale, apande gari lake.

Pumzika kwa amani, mama, sisi hatutapumzika.