Wakili wa Bure

"Zimwi likujualo ndilo likulalo likakumaliza, mjomba, maana linajua mlango wa nyuma." Msusi alisema hivyo bila kushusha sauti, na basi zima likapata cha kusikiliza.

Mjomba wake alijifuta jasho. Yeye ndiye aliyemtafutia nyumba ya kununua, kwa rafiki yake wa miaka mingi, na rafiki huyo akaja na wakili wake mwenyewe, awahudumie wote wawili, muuzaji na mnunuzi, bure. "Wa bure unamkataa, unakwenda kumlipa mtu baki! Una pesa za kuchezea?"

"Sina. Nina miaka tisa ya kusuka vichwa vya watu nimesimama. Huyo wa bure hakuniambia hati ina majina mangapi. Wangu alikwenda ofisi ya ardhi kuangalia siku ya kwanza."

Hati ilikuwa na majina mawili, la rafiki na la mkewe, na mke hakuwa na habari kwamba nyumba anayolala inauzwa.

"Sasa mkewe kajua, na rafiki yangu kafungiwa mlango kwake! Mpigie basi, umwombe radhi. Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uache hapohapo ulipo, mjomba, umekaa vizuri."

Abiria wa nyuma alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Msusi hakucheka. Alijua kwamba kama angesaini Jumatatu, leo asingekuwa na nyumba wala akiba.

Basi likasimama. Mjomba akamnyooshea simu, tayari inaita.

"Kata," akasema msusi, akainuka. "Siombi radhi."