Nafasi ya Ishirini kwenye Trei

Jumanne saa moja na nusu asubuhi, wasikilizaji wapendwa, kigoda kimoja cha maabara kilibaki kitupu. Koti lake lilikuwa bado msumarini, na kalamu mfukoni. Fundi wa maabara tuliyemjua kama Mama Kipande alikuwa amefariki alfajiri hiyo, kwa saratani ya titi iliyohamia kwenye ini.

Nitasema polepole, maana nina hasira, na mwenye hasira huruka maneno.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi vinyama vilivyokatwa kwenye uvimbe wa wagonjwa ili kupima saratani. Dada yake mkubwa aliwahi kumuuliza anatafuta nini humo. Alimjibu hivi: "Seli ina protini juu ya ngozi yake, dada. Nyingine huishikisha kwa jirani. Nyingine hupokea amri. Hizi za amri zikizidi, seli inaambiwa kutwa nzima: kua, achia, nenda. Inakwenda kweli. Leo titi, kesho ini." Rangi ikigeuka kahawia pembeni mwa seli, protini hiyo imezidi. Na dawa ya kuizuia ipo. Narudia, wasikilizaji: dawa ipo.

Trei yao ina nafasi ishirini. Kumi na tisa za wagonjwa. Ya ishirini ni ya kipande cha kulinganishia, kinachojulikana tayari kwamba lazima kiwe kahawia. Kisipogeuka, rangi imekufa, na trei nzima inarudiwa. Ndiyo maana ya jina lake. Alikuwa hawashi mashine bila kipande hicho.

"Wewe utaolewa na hicho kipande," wenzake walimtania.

"Bora hicho. Hakininunii."

Kisha akaugua yeye. Kinyama chake kikafika maabara, trei ikiwa imejaa. Wenzake wakatoa kipande cha kulinganishia, wakaweka cha kwake.

Fundi wa meza ya pili aliniambia huku akikunjakunja kitambaa: "Tulimpenda. Tulisema asisubiri hata siku moja."

Lakini rangi ya chupa ile ilikuwa imeharibika, maana friji ilizima wikendi. Rangi hiyo ikaishia kwenye trei hiyo hiyo, na kesho yake wakafungua chupa mpya. Bila kipande cha kulinganishia, hakuna aliyejua. Jibu lake likaandikwa: protini haijazidi. Miezi kumi na moja hakupewa ile dawa.

Ini lilipoanza kuuma, alikwenda maabara mwenyewe, kitambaa kichwani, akakalia kigoda chake. Akapaka upya kinyama chake, na kipande pembeni. Vyote viwili vikatoka kahawia. Akamwita yule fundi. "Njoo uone. Na usinililie kwenye lenzi, utaichafua."

Alianza dawa. Alikuwa amechelewa. Alichelewa kwa sababu alicheleweshwa.

Mkuu wa maabara ameniambia ni bahati mbaya. Bahati mbaya ni mvua kukukuta njiani, mzee. Wiki ile ile aliyogundua kosa, Mama Kipande alikuandikia barua, akitaka wote wa trei ile wapimwe upya. Kwa mkono wake mwenyewe. Ukaikalia wiki sita. Umeifungua siku ya mazishi.

Dada yake hakulia alipozungumza nami. Alisema, "Walimpendelea mpaka wakamuua. Lakini yeye hakuniambia niwachukie. Aliniambia, 'Dada, wale kumi na tisa.' Kila siku, wale kumi na tisa."

Kwa mama mzazi, kwa dada, kwa binti yake wa kidato cha pili, poleni sana. Hatuna neno la kuwatosha. Na wewe unayenisikiliza ukiwa kazini, tazama leo ile hatua ndogo unayoiruka kwa nia njema. Jiulize inamlinda nani.

Trei ile ilikuwa na watu ishirini. Mmoja tumemzika. Jumatatu saa mbili asubuhi, kumi na tisa wataanza kupigiwa simu waje kupimwa upya. Namba nne kati ya hizo tayari hazipatikani tena.