Bata wa Filimbi

“Yule Filimbi alikuwa kichaa wetu,” kinyozi mzee alimwambia mkunga aliyeketi naye basini. “Hakuajiriwa na mtu, lakini anaongoza magari njia panda! Siku moja akasimamisha msafara wa waziri ili bata avuke.”

Mkunga alikuwa ameichoka hadithi hiyo tangu utotoni. “Si bata, mzee. Ni mimi, nilikuwa naenda shule. Filimbi ni baba yangu.”

“Ala! Pole, binti yangu. Ila bata alikuwepo. Marehemu kaka yangu alimwona.”

“Basi kaka yako alihitaji miwani.”

Basi likasimama palepale njia panda. Mkunga akashuka, magari yakipita kama hayana breki. Kinyozi akatoa mkono dirishani, akapaza sauti: “Simameni! Binti wa Filimbi avuke!”

Yakasimama. Kinyozi akamgeukia kondakta. “Lakini alikuwa bata.”