Fremu ya Nane Iko Tupu

Risala ya wanafunzi wa falsafa kwa Mhariri Mkuu wa kitabu kipya cha historia ya falsafa, siku ya kufungua jengo letu jipya

Mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu na wazazi wetu, karibuni. Viti vya mbele tumevifuta vumbi. Walioketi nyuma watuwie radhi.

HISTORIA

Idara yetu ilianzia kwenye korido moja. Mwanzilishi alitundika humo picha za wanafalsafa wanane, na hao ndio waliofundishwa. Waliofaulu wakawa walimu, nao wakafundisha wanane wale wale, na vitabu vikaandikwa kwa sura nane. Aliyeuliza mbona wanane, aliambiwa kuwa hao ndio wakuu. Mwalimu wetu, tunayemwita Mama Kwanini, hakuridhika. Alimtafuta seremala aliyetengeneza fremu zile, mzee wa watu akacheka: "Mwanangu, ukuta uliishia dirishani."

MAFANIKIO

Tangu hapo, kila muhula picha moja hushushwa. Anayetaka kumpandisha mtu wake husimama koridoni akatoa hoja mbele ya wote, na mgeni aliyepo siku hiyo ndiye huamua. Wamepanda wanawake walioandika fikra zao kwenye barua tu, na wahenga ambao hawakuacha hata ukurasa. Mwaka jana tulijitia ujuaji, tukamshusha yule maarufu kuliko wote. Haukupita muda, hatukuelewa tena waliobaki walikuwa wakibishana na nani. Tulimrudisha kimya kimya, Mama Kwanini akitushikia ngazi huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Siku ile tulijifunza kweli.

CHANGAMOTO

Kwenye jengo jipya, picha zitajengewa ukutani kwa saruji. Jengo tunalishukuru sana, halivuji. Ila kuuliza si ujinga: picha iliyojengewa, nani ataishusha? Tena Mama Kwanini anastaafu mwisho wa mwezi. Tunaogopa, na tunalisema wazi, kwamba desturi yake itaondoka naye.

MAOMBI

Tunaomba misumari badala ya saruji. Tunaomba pia kitabu chako kianze kwa kueleza nani aliwachagua waliomo, na akina nani waliachwa mlangoni.

Kumwombea Mama Kwanini muda zaidi, yeye mwenyewe ametukataza. Tumetii, shingo upande. Tulipotaka kuweka picha yake kwenye fremu ya nane, iliyobaki wazi muhula huu, alituuliza, "Hoja yenu iko wapi? Mapenzi si hoja." Tukaenda kuiandika.

Basi utakapopita kwenye korido yetu ya zamani kwenda kunywa chai, utaikuta fremu hiyo tupu, na picha yake imeegemezwa chini. Hoja yetu, mgeni rasmi, ndiyo hii tuliyokusomea. Mgeni wa leo ni wewe. Nyundo iko dirishani.

Mungu akujalie afya, kalamu nyepesi na wasomaji wabishi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Korido ya Falsafa