Bi Swaumu Hakuingia Bila Kukaribishwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Swaumu Bilali, matroni wa bweni letu hapa Mapinga, atamkabidhi Mkuu wa Shule funguo zake na kustaafu, baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na moja. Wanafunzi tuliombwa tutoe mmoja wetu aandike wasifu wake kwa ajili ya hafla hii. Wenzangu walinichagua mimi, na sababu yao itaonekana mbele kidogo.

Bi Swaumu alizaliwa Fukayosi, kwa wazazi wakulima wa mihogo na ufuta. Alipofika hapa aliajiriwa jikoni, kuosha masufuria makubwa ambayo, kwa maneno yake, mtu angeweza kuyaingia akajificha. Siku moja matroni wa wakati huo aliugua, naye akaombwa alale bwenini kwa wiki moja tu. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Sifa zake ni nyingi. Walimu wanamkumbuka jinsi alivyompokea mzee mmoja wa Vigwaza aliyekuja kumwondoa binti yake shuleni ili akaolewe. Hakubishana naye. Alimpakulia wali, akamwongezea, akamuuliza habari za shamba, za mbuzi, za kila jirani, mpaka gari la mwisho likaondoka na mzee akalazimika kulala kwenye nyumba ya mlinzi. Asubuhi alimwambia Bi Swaumu, “Mama, umenishinda kwa mchuzi.” Akarudi kwake peke yake. Binti yule sasa ni muuguzi.

Lakini jambo ambalo kila msichana aliyepita hapa atalitaja kwanza ni hodi yake. Bi Swaumu haingii chumba cha mtu bila kubisha hodi, na akibisha, haingii mpaka aitikiwe. Kwake mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ana haki hiyo sawasawa na Afisa Elimu. Wageni wa bweni huigundua tabia hii mapema na kujaribu kuitumia. Mwaka mmoja wasichana wa chumba cha mwisho walikuwa na simu, jambo lisiloruhusiwa. Waliposikia hodi wakanyamaza, wakidhani atachoka na kuondoka. Mvua ilikuwa ikinyesha. Baada ya muda wakasikia sauti ya upole kutoka nje, “Nasubiri, wanangu. Mvua hainiyeyushi.” Akasubiri. Mwishowe Sophia, ambaye sasa ni mwalimu wetu wa Jiografia, alishindwa kuvumilia akasema karibu, akiwa na simu mkononi tayari kuitoa.

Mlinzi wetu, Mzee Kitwana, ana kisa kingine, ambacho hakichekeshi sana. Anasema wakati wa likizo, bweni likiwa halina mtu, Bi Swaumu hupita kukagua, na mbele ya kila mlango husimama, hubisha hodi, hungoja kidogo, kisha ndipo hufungua. Kitambo sana Mzee Kitwana alimuuliza, “Bi Swaumu, unamwomba nani ruhusa?” Akajibiwa, “Atakayekuwemo.” Mzee Kitwana anasema tangu siku hiyo hapendi kushika zamu upande ule.

Sasa nije kwenye jambo lililolifanya jina la Bi Swaumu lisomwe Mahakama Kuu. Naliandika kwa ruhusa yake, na kwa ruhusa ya mama yangu mzazi, Naila, maana yeye ndiye aliyejeruhiwa. Mshtakiwa alikuwa baba yangu, Amiri.

Mama ni fundi cherehani. Wakati huo nilikuwa darasa la saba, na mama alikuwa anaishonea shule hii mitandio ya Kidato cha Kwanza. Tuliishi katika nyumba ya marehemu bibi yangu, Zuhura, si mbali na hapa. Alasiri moja, mimi nikiwa chuoni nikisoma Kurani, Bi Swaumu alikwenda kuichukua mitandio. Alikuwa hajawahi kufika kwetu. Alikuwa ameelekezwa tu.

Alibisha hodi, kimya. Akabisha ya pili, kimya. Alibisha ya tatu, kisha akageuka kuondoka, kama inavyompasa mtu asiyeitikiwa. Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani, “Karibu.”

Akaingia. Cherehani ilikuwa karibu na dirisha, mtandio umekaa chini ya sindano, na gurudumu lake lilikuwa bado linazunguka polepole, ingawa hakuna aliyekaa mbele yake. Baba alikuwa mkekani anamenya chungwa. Alimtazama mgeni akasema kwa adabu, “Shikamoo, mama.” Bi Swaumu akaitikia marahaba. Mama alikuwa ameegemea ukuta, khanga imemfunika mpaka chini ya macho. Hakulia wala hakuugua. Alikuwa anautazama mlango. Pembeni palikuwa na beseni la maji, na ndani yake mchi wa kinu umelowekwa. Hakuna anayeloweka mchi.

Bi Swaumu, kwa mazoea tu, aliuliza, “Nani aliyeniitikia?”

Baba hakuacha kumenya. Akasema, “Hakuna aliyekuitikia, mama. Humu tupo wawili tu, na mwenzangu hasemi.”

Bi Swaumu alimkaribia mama, akashusha khanga, akaona taya. Alimwinua, akamshika kiuno, wakatoka polepole, na nyuma yao ganda la chungwa likaendelea kukatwa. Bajaji ya jirani iliwapeleka polisi, kisha hospitali. Daktari alikuta taya limevunjika pande zote mbili. Alisema mtu wa namna hiyo hawezi kutamka neno.

Kesi ilifunguliwa katika mahakama ya wilaya. Kabla ya kutoa ushahidi, mwendesha mashtaka alimwita Bi Swaumu pembeni. Alimwambia kwa nia njema kabisa, “Mama, hilo la karibu liache. Sema ulipata wasiwasi ukaingia. Inatosha.”

Bi Swaumu alimjibu, “Mwanangu, mimi siingii nyumba ya mtu kwa wasiwasi. Niliitwa.”

Alishika Msahafu akaapa, na akasema yote kama yalivyokuwa, pamoja na ile “karibu”. Hakimu mwenyewe alimuuliza tena kama ana uhakika. Akasema anao. Baba alijitetea kwamba siku hiyo alikuwa safarini Vigwaza, na kwamba aliporudi aliambiwa mkewe ameanguka kisimani. Mama naye, taya likiwa limefungwa nyaya, alisema alianguka. Ameniruhusu nieleze kwa nini. Wazee wa upande wa baba walikuwa wamemwomba yaishe nyumbani, na baba alikuwa amemwahidi kwamba akifungwa, siku ya kutoka atapita kwake kwanza.

Hakimu alimwamini Bi Swaumu, akampa baba kifungo cha miaka mitano. Baba akakata rufaa.

Katika rufaa mashahidi hawaitwi tena. Mawakili husoma maneno yaliyokwisha kusemwa na kushindana juu yake. Bi Swaumu alikwenda Dar es Salaam pamoja na mama, wakakaa kwenye benchi la nyuma. Alituambia kwamba kukaa pale, kuyasikia maneno yako yakisomwa na watu wasiokutazama, bila ruhusa ya kufungua mdomo, ni kama kusikiliza matanga yako mwenyewe.

Fomu ya polisi ya matibabu iliondolewa mapema katika ushahidi, kwa sababu mahakama ya chini haikuisoma kwa sauti baada ya kuipokea. Maelezo ya daktari ya mdomo yalibaki, lakini hayo yalionyesha jeraha tu. Hayakumwonyesha mwenye mkono. Mkono huo uliwekwa ndani ya nyumba ile na mtu mmoja peke yake, naye ni Bi Swaumu. Akivunjika yeye, baba angetoka siku ileile.

Wakili wa baba alilijua hilo vizuri. Alilishika neno moja tu. Alisema ndani ya nyumba ile palikuwa na mwanamke mmoja, na mwanamke huyo, kwa ushahidi wa upande wa mashtaka wenyewe, hakuweza kusema. Basi nani aliyesema karibu? Aliuliza kama Jamhuri inaomba mtu aendelee kufungwa kwa ushahidi wa shahidi na jini wake. Watu wakacheka. Hata karani aliinamisha kichwa. Wakili akamaliza kwa kusema kwamba aliyedanganya mlangoni amedanganya mpaka uani.

Wakili wa Serikali alisema huenda shahidi alisikia vibaya. Bi Swaumu, nyuma kule, alitikisa kichwa kukataa, ingawa kauli ile ilikuwa ya kumsaidia.

Usiku ule mama alilala kwa Bi Swaumu, humu humu bwenini, katika chumba cha mwisho. Wiki zilizofuata mama hakushona. Alikuwa akisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, anasimama, akidhani ni baba ameachiwa.

Siku ya hukumu Jaji alisoma bila haraka. Alisema mahakama haiwezi kueleza nani aliitikia hodi ile, na haitajaribu. Lakini alisema mtu anayetunga ushahidi huondoa kile kinachomtia mashakani. Shahidi huyu alipewa nafasi ya kukiondoa, akakiacha, akijua kinamdhuru. Kisha Jaji akasema jambo ambalo hakuna wakili aliyekuwa ameligusa. Shahidi aliuliza nani amemwitikia kwa sababu alikuwa ameitikiwa. Asingeuliza, mrufani asingesema kwamba ndani walikuwemo wawili tu. Kwa kauli hiyo alijiweka ndani ya nyumba ile kwa kinywa chake mwenyewe, na Jaji hakuona shahidi huyu angewezaje kuitunga.

Rufaa ilitupiliwa mbali. Bi Swaumu anasema mama alimuuliza tu kama anajua mahali pa kupata uji laini karibu na mahakama.

Wasichana wamemuuliza Bi Swaumu mara nyingi kuhusu sauti ile. Huwajibu, “Niliitwa nikaingia. Basi.” Mimi alinieleza zaidi kidogo, tukikunja mashuka. Alisema ilikuwa sauti ya mtu mzima, imekauka, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema. Bibi yangu Zuhura alifia katika chumba kile cha mbele, na kwa mwaka mzima kabla ya kufa alikuwa amepooza na hakusema neno. Bi Swaumu hakuwahi kuonana naye, na hakuna aliyewahi kumwambia. Nilipomsimulia mama, alisema kwamba alasiri ile yeye alikuwa anaitikia moyoni, hodi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara mdomo ulikataa.

Mimi nimefundishwa nisiandike nisichoweza kukithibitisha, kwa hiyo naishia hapo.

Tangu kesi ile Bi Swaumu hakuwahi kuikanyaga tena nyumba yetu. Mama alikuwa akimletea kazi za kushona hapa shuleni. Lakini gauni la hafla hii linahitaji kupimwa mwilini, na Ijumaa iliyopita alikubali kwenda, mimi nikimsindikiza. Nilitaka kutangulia kufungua mlango, kwa kuwa ni kwetu. Akanishika mkono akanirudisha nyuma yake.

Akabisha hodi. Ndani cherehani ikanyamaza. Akabisha ya pili. Nilisikia mama anavuta kiti. Taya lake limepona kwa upande kidogo, na maneno mengine humchukua muda. Bi Swaumu akabisha ya tatu.

“Karibu,” mama akasema.

Bi Swaumu hakuingia mara moja. Aliinamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayeonja chumvi.

“Hii ni yako, Naila,” akasema. “Siyo ile.”

“Ni yangu, Bi Swaumu,” mama akajibu kutoka ndani. “Ingia, gauni linakungoja.”

Akaingia. Gauni ni la rangi ya kijani, nanyi nyote mnaliona sasa hivi amelivaa.

Baba atatoka gerezani siku moja, na huenda akaja mlangoni kwetu. Mama amekwisha kuamua kwamba atakayebisha bila kuitikiwa ataondoka. Anasema alijifunza kwa mtu kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye neno hilo. Nami naamini sasa anaweza kulisema, na anaweza pia kulinyima.

Bi Swaumu, asante kwa masufuria, kwa mvua uliyosimama ndani yake, na kwa neno moja ulilokataa kulipunguza. Chumba cha mwisho tutakipigia hodi hata kikiwa kitupu, kama ulivyotuzoesha. Nenda salama Fukayosi, ukapumzike kwenye ufuta wa wazee wako. Twakuombea afya na umri mrefu, na kila mlango utakaoupigia hodi uitikiwe na mwenyewe, akiwa hai.

Ahlam Amiri, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya wasichana wote wa bweni