Mvua Haikumpita Wakesho

Jioni ya Jumatano, tarehe 15 Oktoba 1958, marehemu Susan Wakesho aliketi mlangoni pake hapa Mwanda akichagua mbegu za mahindi, zilizotobolewa akawatupia kuku, nzima akazitia kibuyuni, kisha akamwambia mumewe, Silvanus Mwandawiro, "Baba Mable, mvua ya mwaka huu hainipiti."

Wakesho alizaliwa hapa hapa mwaka 1929, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na Oktoba 1946 akateremka na mama yake kwenda kupalilia mkonge katika shamba la mlowezi mmoja karibu na Voi. Kazi hiyo ilikuwa ya msimu, nayo iliita wakati ule ule mvua inapoita huku milimani, kwa hiyo aliyelima ya watu hakupanda yake, na aliyeondoka kadi yake ya siku za kazi haijajaa alirudi mikono mitupu.

Alifunga ndoa na Silvanus tarehe 15 Aprili 1950, wakajaliwa Mable, mwaka 1951, na Danson, mwaka 1956. Silvanus alipokuwa masomoni Makerere, tangu 1951 hadi 1954, Wakesho ndiye aliyeilisha nyumba hii, akahamia kiwandani, chumba cha kusugulia nyuzi za mkonge, kwa kuwa kililipa senti chache zaidi, akatoka humo kila jioni na vumbi hadi kwenye kope. Nyapara alizoea kumchokoza, "Mke wa msomi, kalamu ya bwana haipalilii?" naye akimjibu, "Hiyo bado mche, nyapara, usiikanyage," na wenzake wakacheka.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1954. Mwaka uliofuata Silvanus alipata kazi ya ualimu, akamwachisha mkonge, lakini kifua kilikuwa kimekwisha kuharibika, na kwa vuli tatu jembe lilimshinda. Mwaka huu alipata nafuu, nasi tukaiamini. Alfajiri ya Alhamisi alitema damu, akafariki saa nne asubuhi, na usiku wake mvua ikanyesha.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomtibu, majirani waliomchotea maji, walimu wenzake Silvanus, na wanawake wa mkonge walioacha ujira wa leo ili wamzike mwenzao.

Jana Ijumaa, kulipopambazuka, Silvanus alichukua kibuyu na jembe. Wazee walimkumbusha kwamba jembe halishikwi maiti akiwa bado nyumbani, lakini mama mzazi wa Wakesho akasema, "Mwacheni. Mwanangu amelima ya watu miaka minane." Akapanda mpaka kibuyu kikawa kitupu.

Pumzika kwa amani, Wakesho, mbegu zako zimo ardhini.