Marehemu Arnfinn Lauvstøyl na Shamba Ambalo Halikuwa Letu

Marehemu Arnfinn Lauvstøyl alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kijiji cha Åsgrend, mkoani Telemark, mtoto wa kwanza wa Mzee Tarjei na Bi. Gunhild. Alilelewa kwa viazi, maziwa ya mgando na chuki moja: kwamba Halvor, babu wa baba yake, alikuwa mwenye shamba la Lauvstøyl, akadhulumiwa na ukoo unaolimiliki hadi leo. Kwa sababu hiyo watu wetu hawakuwasalimia watu wa shambani, hata mlangoni mwa kanisa.

Alisoma shule ya kijiji, kisha ufundi mjini Skien, akahitimu mwaka 1961. Alikuwa fundi wa nyaya za umeme hadi alipostaafu mwaka 2006.

Mwaka 1966 alimwoa Bi. Eldbjørg, mshonaji, aliyemtangulia mwaka 2011. Baada ya kustaafu, marehemu aliazimia kuithibitisha dhuluma ile kwa sensa za zamani, akaijaza meza ya jikoni karatasi.

“Umempata tajiri wako?” mkewe alikuwa akimuuliza.

“Bado. Sensa ya 1865 hayumo kati ya wenye mashamba. Ya 1875 yumo Halvor wa shamba la Mogen, mkewe na watoto wana majina yale yale ya kwetu.”

“Basi hamia kwake huko Mogen, mimi naitaka meza yangu.”

Zamani kwetu mtu aliitwa kwa shamba alilokaa. Akihama, anabadili jina. Marehemu alilijua hilo kama tunavyolijua sote, ila kiburi kilimzuia kusoma sehemu ya vibarua katika sensa ya 1865. Alipoisoma hatimaye, mwaka 2017, Halvor alikuwa humo: kibarua wa Lauvstøyl, amepewa kibanda na kijikonde kwa kulima shamba la mwenzake. Alihamia Mogen, akarudi kwenye kibanda kile kile. Jina tulilipata kwa utumishi. Hapakuwa na kilichoibwa.

Wiki hiyo hiyo marehemu alivaa suti, akaenda kwa Bi. Borghild, mwenye shamba.

“Borghild, hamkutudhulumu. Nisamehe.”

“Hilo tunalijua siku zote, mzee wangu.”

“Sasa mbona hukusema?”

“Nimwambie nani? Kuna mtu wa kwenu aliyewahi kusimama nikamaliza hata ‘habari za asubuhi’?”

Mdogo wa marehemu, Mzee Torgeir, alipoelezwa, alifoka: “Karatasi zinadanganya!” Karani wa sensa ya 1865 hakuwa na sababu yoyote ya kumsingizia Halvor umaskini. Wenye sababu ya kusema uongo tulikuwa sisi.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2018. Akiwa kitandani alituomba jambo moja: watu wetu wamsalimie Borghild. Kila aliyemtembelea aliitikia “sawa, sawa,” akaenda zake. Alifariki tarehe 22 Januari 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa bado anaulizia.

Ameacha watoto wawili, Sindre na Ingunn, wajukuu watano, na mdogo wake Torgeir. Bi. Borghild yupo nasi leo, amesimama peke yake upande wa pili wa kaburi. Hadi wasifu huu unasomwa, hakuna hata mmoja wetu aliyemsalimia.

Mungu ampumzishe Arnfinn. Yeye amemaliza kazi yake, sisi hatujaanza.